Mgawo wa utafiti: mwenye pesa anavua, sisi wa boti ndogo tunatazama

Wakuu, leo nimechafukwa. Kuna mtu kwenye uzi mwingine kaandika kwamba ule mpango wa mgawo wa utafiti wa huku pwani ya mashariki ya Marekani ulikuwa mzuri, eti urudishwe. Ndugu yangu, wewe hujawahi kufanya kazi kwenye boti ya kupeleka abiria wakavue huku Long Island, New York. Mimi nimeifanya, ubaharia wa sitaha, na sehemu kubwa ya riziki yangu ilikuwa bakshishi ya wateja. Tulia nikueleze.

Kwa wasioujua: mwaka 2001 Baraza la Uvuvi la Mid-Atlantic, hao wanaopanga viwango vya uvuvi vya huku, lilikubali kwamba hadi asilimia 3 ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa kwa mwaka watengwe kwa ajili ya utafiti. Usidhani mtafiti ndiye aliyekwenda kuwavua akawapima. Thubutu! Haki ya kuwavua ilipigwa mnada kwa ratili, na pesa ndiyo iliyolipia utafiti. Aliyenunua alipata kibali cha kuvua hata msimu ukiwa umefungwa, na kubeba idadi ya samaki ambayo sisi wengine tungeshikwa nayo. Na asilimia 3 hiyo ilimegwa mwanzo kabisa, kabla wavuvi wa biashara na wa burudani (ndio abiria wetu) hawajagawana. Chukua scup, samaki wanaofanana na changu: wa burudani walitengewa asilimia 22 na wa biashara 78. Sahani yenyewe ndiyo hiyo, halafu ilidokolewa kabla haijafika mezani.

Sasa njoo gatini. Boti mbili zimefungwa jirani, nauli zinakaribiana, moja ina kibali na nyingine haina. Msimu wa chewa weusi umefungwa. Abiria wa jirani wanashuka wawili wawili, wamelishika kasha la barafu huku na huku kwa uzito. Wa kwetu wanashuka na harufu ya chambo. Mteja anakuuliza, "Mbona wale wamepata?" Ukianza kumweleza habari za kibali cha utafiti anakutazama kama tapeli. Wiki inayofuata anapigia simu boti ile. Bakshishi yako imekwenda naye.

Na hao chewa tuliokuwa tunawarudisha majini? Ukimvuta kutoka kina kirefu, hewa iliyo ndani yake inatanuka, tumbo linamtokea mdomoni na macho yanamtumbuka. Unamtoa ndoano, unamtupa, anabaki anaelea ubavu juu mpaka shakwe wamfikie. Kwenye karatasi huyo ni samaki aliyerudishwa. Boti ya jirani samaki yuleyule anatiwa kwenye barafu kwa jina la sayansi, na mimi kwenye boti ile sikuwahi kumwona mtafiti hata wa kusingizia.

Najua mtakuja na "si mngenunua na nyie". Kwa pesa gani? Nahodha mwenye leseni ya kubeba abiria 6 atashindana vipi kwenye mnada na boti inayojaza abiria hadi inainama, seuze na mwenye nyavu za kukokota? Unalipia ratili kabla hujapata mteja hata mmoja. Upepo ukivuma wiki nzima, hasara ni yako.

Tena wenye nyavu ndio waliouharibu mpango kabisa. Kwa samaki wa gayogayo, meli ya kukokota ina kikomo cha mzigo wa siku, lakini mwenye kibali aliruhusiwa kuleta mzigo mkubwa kwa mpigo. Ripoti ya safari anaandika nahodha mwenyewe. Basi mkaguzi akitokea gatini, mzigo ni wa utafiti. Asipotokea, mzigo huo haukuvuliwa! Manahodha na wanunuzi wa samaki wa Long Island walifikishwa mahakamani wakakiri, na wapo waliokwenda jela. Mwaka 2014 Baraza likausimamisha mpango mzima, msimu wa 2015 ukaanza bila huo mgawo.

Utafiti wenyewe sina ugomvi nao. Pesa hizo ziliendesha NEAMAP, ile sensa ya samaki wa maji ya karibu na ufuko kutoka Cape Cod hadi Cape Hatteras, inayofanywa na taasisi ya sayansi ya bahari ya Virginia. Kazi nzuri, na takwimu zake zinasaidia kupanga viwango vya uvuvi. Lakini mnada uliposimama sensa haikufa. Ilitafutiwa fedha kwingine na ikaendelea. Kumbe ziliweza kupatikana! Sasa miaka yote ile tulikuwa tunanyang'anywa wateja kwa sababu gani?

Kinachonikera zaidi ni kwamba 2021 na 2022 Baraza lilifanya warsha za kujadili namna ya kuufufua. Wakiurudisha kwa mnada uleule, watakaonunua ni walewale. Kama lazima samaki watengwe, boti za kukodi zipewe fungu lake pembeni, kwa bahati nasibu au kwa zamu, na anayepewa abebe mtu wa kupima samaki. Wenye nyavu wakanunuliane huko kwao.

Mlioko kwenye magati ya Montauk na Captree, hapo Long Island, kwa sasa, hebu semeni. Nahodha wenu akisikia habari ya mnada kurudi anasemaje? Na ndugu yangu wa uzi ule mwingine, nakusubiri hapa.