Tupeane uzoefu: serikali ya mseto ilikuahidi nini, na kipi kilifika mkononi?

Nahodha wa Matondoni
Asalaam aleikum ndugu zangu, na walo Mpeketoni, Hindi na kwengineko habari zenu. Jana baada ya isha nalikuwa kahawani pale Mkunguni, hapa Lamu, redio ikawa yarejelea yale makubaliano ya tarehe 7 Machi 2025 baina ya Rais Ruto na Raila. Mambo kumi. Ripoti ya NADCO, ile kamati ya mazungumzo ya kitaifa, itekelezwe, deni la taifa likaguliwe tujue lilitumika wapi, ufujaji ukomeshwe, walioumia kwenye maandamano walipwe. Baraza zima likanyamaza. Mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema "haya, na 2008 je?" akavaa viatu akaenda zake.

Hilo swali limeninyima usingizi. Maana 2008 mimi nilifurahi kwelikweli. Ile Januari ya fujo za uchaguzi barafu haikuja, malori hayapiti, samaki tukawapasua tukawatia chumvi mpaka chumvi nayo ikaadimika. Februari 28 Kibaki na Raila waliposaini mbele ya Kofi Annan nililia machozi. Halafu yakaja mawaziri 40, na kila mkubwa aloshuka gatini hapa alishuka na ahadi yake. Sasa nauliza, na nataka mtu aseme la kwake mwenyewe sio la kusikia: wakati wa mseto wowote, ule wa 2008 tulouita nusu mkate au huu wa sasa, wewe uliahidiwa nini na ulishika nini mkononi?

Kijana Langoni
2008 nilikuwa darasa la pili, ya huko siwezi kusema. Langu ni la juzi. Juni 2024 nikiwa chuo Mombasa tuliingia barabarani kwa ule mswada wa fedha, tarehe 25 watu wakafa Nairobi, Julai 11 baraza la mawaziri likavunjwa tukasema sasa mambo yanageuka. Kisha majina yakatoka, watu wa upande wa Raila. Mbadi Fedha, Joho Madini na Uchumi wa Bahari, Wandayi Kawi, Oparanya Ushirika. Watu tuliokuwa tukiwategemea waulize maswali ndio wamehamia upande wa kujibu. Wapewe kazi sawa, lakini angalieni tarehe. Wameapishwa Agosti 2024, mkataba umesainiwa Machi 2025. Hiyo miezi saba walikuwa afisini kwa makubaliano gani? Mimi hilo ndilo linaniuma, hakuna aliyeona haja ya kutuambia.

Mama Faza
Hapo kwa tarehe umesema kweli mwanangu.

Bahari Yetu
Nyinyi watu mwasahau haraka sana. Hii kaunti mnayoilalamikia kila siku ilitoka wapi? Katiba ilipita kwa kura ya maoni Agosti 4, 2010, chini ya huo huo mseto mnaousema vibaya. Bila ya hiyo tungekuwa bado twangoja DC, mkuu wa wilaya, aletwe kutoka bara atuamulie. Na bandari yetu ya Lamu ilizinduliwa Machi 2, 2012, Kibaki yupo, Salva Kiir yupo, Meles Zenawi yupo, nami nilikuwepo nimesimama juani tangu asubuhi. Gati la kwanza likafunguliwa 2021. Leo hii mtu aniambie mseto haukuleta kitu?

Kijana Langoni
Tuliambiwa magati 32 mzee wangu. Hesabu yaliyojengwa.

Bahari Yetu
Matatu. Na jana yalikuwa hayako. Na hilo "mzee wangu" usinitajie kwa sauti hiyo.

Kijana Langoni
Samahani ami, sikukusudia. Lakini Mahakama Kuu 2018 ilisema wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa bahari walopoteza, nenda kawaulize wanaoshusha samaki asubuhi wamezungushwa miaka mingapi tangu siku hiyo.

Punda na Jahazi
Tafadhalini. Mwenye mada ameuliza la mtu binafsi. Haya mengine yana pahali pake.

Binti Kizingitini
Nimesoma hapo "ulishika nini mkononi" nikashindwa kuendelea na kazi. Ngojeni niseme, sijawahi kuliandika hili.

Mama yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kina mama, wanunua samaki kwa wavuvi wakaanga wauza. Mwaka 2009 walikuja watu na boti ya faiba, wamevaa majaketi ya kuelea, wakafanyiwa mkutano kwenye ukumbi wa madrasa. Afisa mmoja akasimama akasema, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimeshika birika la chai, "sasa serikali ni moja, hakuna wa kupinga, vitu vitakuja mbio." Kina mama vigelegele. Wakaahidiwa friza mbili na jenereta. Kila mtu atoe kopi ya kitambulisho na shilingi 300 za faili. Walikuwa 24. Mama alizikusanya, noti kuukuu na sarafu, akazifunga kwenye pindo la leso akazikabidhi siku ile ile. Risiti akaambiwa itakuja pamoja na friza.

Wakajenga chumba. Mawe waliyabeba kichwani, simiti wakanunua mifuko minne, mlango alichonga baba. Chumba kina kitundu upande wa kusini cha kupitishia waya wa jenereta. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, mama apiga simu yaita tu haishikwi.

2012 nalikwenda Amu, mjini Lamu, kufuata fomu ya basari. Nimepanga foleni kwenye afisi moja, ukutani pana ubao wa matangazo, nami ni mtu wa kusoma kila karatasi nionayo. Nikaona jina la kikundi chao. Friza 2, jenereta 1, vimepokelewa vikiwa katika hali nzuri. Chini yake majina 24, kila jina na nambari ya kitambulisho na sahihi. Mama ni wa pili. Sahihi yake imelala ubavu, ina mkia mrefu umezunguka mpaka chini ya jina, sahihi ya mtu aliyezoea kalamu. Mama yangu hajui kuandika. Hata herufi moja. Kila karatasi ya maisha yake ametia dole.

Nilirudi na boti ya saa saba, maji yanirukia usoni wala sihisi. Nikamkuta anapaa samaki. Nikamwambia mama, ulitia sahihi lini? Akainua kidole gumba kimejaa magamba, akasema "mimi sahihi yangu ni hiki, wajua." Nikamweleza nilichokiona. Hakusema kitu. Aliendelea kumpaa yule yule samaki mpaka ngozi ikamtoka.

Na palipo pabaya zaidi ni hapa. Wenziwe nao walikuwa washasikia kwa njia zao kwamba friza "zilitoka". Na mweka hazina ni nani? Miaka mitatu mama hakuitwa kupika kwenye harusi hata moja, nanyi mwajua kwetu hilo ni zito kiasi gani. Shoga yake walonyonyesheana watoto akipita mlangoni anageuza uso. Tulipokwenda kushtaki, wa chama hiki alitutuma kwa wa chama kile, wa kile akatwambia afisi hizi tumegawana, hiyo yenu haiko upande wetu. Kwa hivyo nikisikia mseto mimi namsikia yule afisa, hakuna wa kupinga. Na kweli hakuwako. Chumba kiko mpaka leo, mbuzi walala.

Mama Faza
La haula wala quwwata. Mama yu hai?

Binti Kizingitini
Yu hai alhamdulillahi. Mato ndiyo yamepungua nuru.

Nahodha wa Matondoni
Nimesoma mara mbili. Hicho chumba nakijua, nimefunga mashua nyuma yake mara nyingi nikidhani ni ghala ya mtu.

Shamba Hindi
Pole sana dada. Huku kwetu tulisainishwa fomu za mbegu za pamba zikiwa tupu kabisa, tukaambiwa idadi itajazwa afisini ndio tusicheleweshe watu. Mbegu nilipata kimfuko cha kushika kwa mkono mmoja, sijui fomu iliandikwa magunia mangapi. Tangu hiyo siku karatasi yenye nafasi wazi naipiga mistari kwanza, nafasi yote, hata wakikasirika, halafu ndio nasaini na kupiga picha kwa simu.

Bahari Yetu
Binti pole, hili limenigusa. Lakini huo ni wizi wa mtu, msiubandike kwa mseto. Wezi wako hata chama kikiwa kimoja.

Nahodha wa Matondoni
Ami, wizi uko kila serikali, sawa. Wewe sema wakati wa mseto ulikuwa ukamshtaki nani. Wakumbuka Februari 2010? Raila aliwasimamisha mawaziri wawili kwa mambo ya mahindi na pesa za elimu ya bure, Kibaki akasema hana uwezo huo, wakabaki afisini. Kama waziri mkuu alikwama pale, huyu mama wa Kizingitini na dole lake angefika wapi? Ndiyo maana huu wa sasa wanitia wasiwasi, walotarajiwa kuuliza wako mezani wakila pamoja.

Bahari Yetu
Hilo la 2010 nalikumbuka. Sibishi.

Mwalimu Mstaafu
Binti, usiliache. Iko Ibara ya 35 ya Katiba na iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wakati ule wa mama hiyo sheria haikuwako, sasa iko. Unaandika ombi, Kiswahili chakubalika, afisi ina siku 21 za kujibu. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, utalipa gharama ya kopi basi. Na asojua kuandika akenda akaeleza kwa mdomo, afisa analazimika kumwandikia. Omba vitu vitatu: ile orodha, stakabadhi ya ununuzi, na jina la alokabidhi. Wakinyamaza wapelekewe malalamiko Tume ya Haki ya Utawala. Uwe na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, bila ya mhuri watasema hawajaona.

Shamba Hindi
Mwalimu kwa heshima, barua inapotea. Waende kina mama wote wakae hapo mlangoni mpaka faili itoke, na ikibidi wabebe na hao mbuzi.

Kijana Langoni
Barua zinafanya kazi mkizikazania. Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi ulisimamishwa na nini? Juni 26, 2019 leseni ilifutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na hilo lilithibitishwa kwa makaratasi na wazee wetu waliokwenda kutoa ushahidi.

Mama Faza
Mimi nasema muacheni bibi wa watu apumzike. Akianza kuitwaitwa afisini umri huo ataugua. Amshtakie Mola, yatosha.

Punda na Jahazi
Aulizwe mwenyewe.

Binti Kizingitini
Nimemuuliza sasa hivi, nimemsomea yote mloandika. Kwanza ameuliza huyu Bahari Yetu ni mtoto wa nani. Halafu amesema friza hazitaki tena, hata wakizileta kesho. Ataka ile orodha iletwe isomwe kwa sauti pale madrasa, jina kwa jina, mbele ya wenziwe walobaki. Wamebaki 17. Shoga yake yule yumo. Mwalimu, hiyo barua naiandika kwa nani?

Mwalimu Mstaafu
Kwa afisa wa habari wa afisi ile ile ulioona ubao. Iandike kwa maneno yake mama, usiyapambe. Alhamisi nakuja huko na boti ya asubuhi, nitachukua wino wa dole.