Programu moja kwa Windows, Mac na Linux: Qt, Electron au Flutter?

nahodha_kodi: Wakuu, habari za leo. Naandika programu ya stoo ya dawa. Kaunta wanatumia Windows, mhasibu ana Mac, mtu wa stoo yuko Linux. Nataka ionekane ileile kote. Nichukue zana ipi ya kuijengea: Qt, Electron au Flutter?

binti_pwani: Kama ni ileile kabisa, Electron. Inabeba Chromium yake ndani, yaani kiini cha kivinjari cha Chrome, kwa hiyo unachokiona kwako ndicho atakachokiona mhasibu. VS Code, ile ya kuandikia kodi, imejengwa hivyo. Ila ni nzito: kuifungua ni kufungua kivinjari kizima, na hizo kompyuta za kaunta ukizikuta na RAM ya GB 4 ushukuru.

mzee_wa_qt: Ileile kwa nani, mkuu? Mtu wa kaunta hagusi Mac ya mhasibu. Yeye anailinganisha programu yako na Excel iliyo wazi pembeni. Tazama kisanduku cha kuthibitisha: Windows huweka OK kushoto kwa Ghairi, Mac huiweka OK mwisho kulia. Ukilazimisha mpangilio mmoja, kuna mtu atabonyeza Ghairi akidhani amehifadhi. Qt ina QDialogButtonBox, inapanga vitufe kwa kufuata mfumo. Hata Ctrl+S ukiiandika, kwenye Mac inakuwa Command+S yenyewe.

binti_pwani: Kwenye vitufe umenishika. Lakini rangi na nafasi utazipigania, usimfiche.

mzee_wa_qt: Simfichi, dada. Ndiyo maana kuna staili ya Fusion: haifanani na Windows wala Mac, ila inachora vilevile kote.

kachumbari: Flutter nayo inachora kila kitu yenyewe, na kwa kompyuta imetulia tangu 2022. Kama huna programu ya simu uliyoiandika kwa Flutter tayari, sioni faida. Kuna Tauri pia, ni nyepesi, lakini inaazima injini ya mfumo ya kuonyesha kurasa za wavuti: WebView2 kwa Windows, WKWebView kwa Mac, WebKitGTK kwa Linux. Kwa hiyo CSS yako (maelekezo ya rangi na mpangilio) utaikagua mara tatu.

nahodha_kodi: Asanteni, nimejaribu Qt na Fusion. Sasa kitufe cha "Hifadhi mabadiliko" kwangu kinaenea, kaunta kinasomeka "Hifadhi mabadil".

mzee_wa_qt: Umekipa upana wa pikseli. Uondoe, kiweke ndani ya QHBoxLayout (kipanga-safu cha Qt) kijipime chenyewe kwa fonti ya mashine husika. Halafu ijaribu kwenye Windows iliyokuzwa 125%, laptopu nyingi ziko hivyo.