Tupeane uzoefu: Umewahi kusimamishwa na "maafisa wa uhamiaji" waliofunika nyuso?

Msafiri_MN
Ndugu zangu mlioko Marekani, na nyie wa kwingine mliopitia ya kufanana na haya. Jirani yangu kachukuliwa asubuhi hapa mtaani, watoto wamesimama wanasubiri basi la shule. Waliomchukua wamejifunika nyuso, miwani myeusi juu, gari la kawaida tu. Mkewe anauliza "nyie akina nani?", hakuna aliyemjibu. Mwenye kisa akiweke hapa. Na mwenye kujua sheria inasemaje kuhusu hawa watu kujitambulisha, atufungue macho.

Kijana_wa_Lowell
Hapa kwetu Massachusetts tangu Machi 2025 hatujatulia. Yule mwanafunzi wa chuo kikuu cha Tufts, Rümeysa Öztürk, alikamatiwa barabarani Somerville akielekea kufuturu. Video mliiona: watu wa nguo za nyumbani wanamzunguka, wanavuta barakoa usoni. Sauti ya mpita njia inasikika ikihoji kwa nini wamejificha. Akasafirishwa mpaka Louisiana, jaji akamwachia Mei. Mke wangu kuanzia siku ile hatembei peke yake jioni, na ana uraia.

Mama_Wawili
Sikutaka kuandika hili popote lakini hiyo "nyie akina nani" imenirudisha.

Nafanya usiku, nyumba ya wazee. Nilitoka alfajiri, baridi kali, sehemu ya kuegesha magari ina taa moja. Nimefungua mlango wa gari, likaja gari kubwa jeusi likanizibia kwa nyuma. Wakashuka wanaume. Nyuso hazionekani, ni macho tu. Mmoja ana fulana ya kuzuia risasi imeandikwa POLICE, wengine hawana kitu. Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri nabakwa. Sikuwaza makaratasi kabisa, makaratasi yangu yako sawa. Niliwaza wanangu wamelala na shangazi yao na mimi ndiyo nimekwisha.

Wakaniita jina la mtu mwingine. Nikasema siyo mimi. Wakalirudia kwa kelele. Nimeshika kitasa cha mlango kwa mikono yote miwili, mmoja ananivuta bega. Nikamwambia nionyeshe kitambulisho. Akaniambia nionyeshe CHAKO. Nikatoa grini kadi, ile ya ukaazi wa kudumu, huku natetemeka, akaimulika tochi, akamwonyesha mwenzake, wakarudi garini wakaondoka. Hakuna samahani. Hakuna jina.

Kibaya zaidi kilikuja baadaye. Nilikwenda polisi wa mji kuripoti. Afisa wa zamu, mwenye jina lake kifuani, akaniuliza kwa upole: walikuwa wa idara gani? Sijui. Jina? Sijui. Namba ya beji? Hawakuwa nayo. Sura? Sikuiona. Akaandika "wanaume wasiofahamika". Mpaka leo sijui kama walikuwa maafisa au majambazi waliokosea mtu.

Nyakati_Ngumu
Woiye, pole sana mum. Namba ya gari uliishika?

Mama_Wawili
Hapana. Na nilikuwa nimeiangalia kabisa. Haikukaa kichwani.

Mtoto_wa_Goma
Pole dada. Sisi tuliotoka Goma tunajua. Mtu akikujia na uso umefunikwa, huulizi ana sheria gani, unakimbia. Ndiyo mwili ulivyofundishwa. Sasa huku ukikimbia wanasema umekaidi. Wamewakuta watu waliokimbia vita, wanawajia kwa sura ile ile ya vita.

Mbeba_Boksi_TX
Mimi nitasema tofauti na mnichukie. Hao maafisa nao wana watoto. Wakipigwa picha, majina na anwani zao zinawekwa mtandaoni. Todd Lyons, aliyekuwa kaimu mkuu wa ICE (idara ya uhamiaji inayokamata watu) mwaka 2025, alilisema hilo wazi. Mtu anafanya kazi aliyotumwa, kwa nini familia yake iwindwe?

Kijana_wa_Lowell
Kaka, jaji anayefunga wauaji anakaa bila barakoa. Polisi wa mji anayekamata magenge ana jina kifuani. Askari magereza vilevile. Anayemtishia afisa ashtakiwe, sheria ipo. Lakini huwezi kumlinda afisa kwa kumnyima Mama_Wawili haki ya kujua aliyemshika bega.

Mbeba_Boksi_TX
Sijasema alichotendewa dada ni sawa. Nimesema kuna sababu.

Bibi_wa_Brooklyn_Park
Wanangu, mimi ni mzee kidogo hapa Minnesota. Juni 14, 2025, mtu alivaa kama polisi, uso bandia wa mpira, gari lenye taa kama la polisi, akagonga milango ya wabunge wa jimbo usiku. Melissa Hortman na mumewe waliuawa nyumbani kwao, mji huu huu ninaoishi. Seneta Hoffman na mkewe walipigwa risasi nyingi wakapona. Walifungua mlango kwa sababu waliamini ni polisi. Hata FBI mwaka ule ule walitoa tahadhari kwamba wahalifu wanajifanya ICE ili kuiba na kuteka. Sasa wewe Mbeba_Boksi, mjukuu wangu, niambie: akigonga mwenye uso uliofunikwa, mimi nitamjuaje?

Mbeba_Boksi_TX
Shikamoo bibi. Hapo sina jibu.

Wasiwasi_Dar
Huku nyumbani Tanzania tunawaita wasiojulikana, mnawajua. Mtu anachukuliwa, ndugu wanazunguka vituo vyote, kila kituo kinasema hatunaye. Nilidhani huko kwenu mambo ni tofauti.

Nyakati_Ngumu
Kenya pia. Juni 2024 binamu yangu aliingizwa kwa gari isiyo na namba na watu wamefunika nyuso. Alirudi, lakini hazungumzi juu ya siku hizo. LSK, chama cha mawakili, wakaenda korti, na Agosti Mahakama Kuu ikaamuru polisi wanaosimamia maandamano wavae sare, wasifiche nyuso wala namba zao. Mwaka uliofuata bado tuliwaona wamejifunika. Kwa hivyo msidhani mkipata sheria mmemaliza.

Wasiwasi_Dar
Angalau nyie mna korti inayosema.

Nyakati_Ngumu
Korti ilisema kwa sababu watu walienda. Haikuamka yenyewe.

Wasiwasi_Dar
Dada, usinifundishe. Hujui bei ya kwenda huko kwetu.

Msafiri_MN
Jamani, tusigombane. Turudi kwa swali la sheria.

Karani_wa_Mahakama
Nafanya kazi kwa mwanasheria wa uhamiaji, si mwanasheria mwenyewe. Kanuni za shirikisho, 8 CFR 287.8, tayari zinamtaka afisa wa uhamiaji anapokamata ajitambulishe kuwa ni afisa mwenye mamlaka ya kukamata, na aseme sababu. Tatizo ni maneno yaliyomo: "mara tu itakapowezekana na ikiwa ni salama". Humo ndimo wanamojificha. Wala hailazimishi jina au uso.

Ndiyo maana California walipitisha sheria mbili Septemba 2025, moja ya kukataza barakoa na nyingine ya kulazimisha idara na jina au namba ya beji vionekane. Serikali ya Trump ikashtaki. Februari 2026 jaji wa shirikisho alizuia ile ya barakoa isiwahusu maafisa wa shirikisho, kwa sababu iliwaacha nje polisi wa jimbo, akasema huo ni ubaguzi. Ile ya kitambulisho wakati huo akaiona inasimama. Kwenye Seneti, maseneta Padilla na Booker walishapeleka mswada wa nchi nzima Julai 2025.

Nyumbani: usifungue mlango. Waambie wapitishe karatasi chini ya mlango au waioneshe dirishani. Fomu I-200 au I-205, hati zao za kumkamata au kumwondoa mtu nchini, imesainiwa na watu wa uhamiaji wenyewe. Tafuta saini ya jaji.

Mpemba_Ohio
Fungua kidogo tu uongee nao kistaarabu. Ukiwafungia wanakasirika.

Karani_wa_Mahakama
USIFUNGUE. Hata kidogo.

Mpemba_Ohio
Sawa. Na barabarani rekodi kwa simu.

Mtoto_wa_Goma
Usiingize mkono mfukoni ghafla kutafuta hiyo simu. Watasema ulitoa silaha.

Kijana_wa_Lowell
Mimi grini kadi halisi naacha nyumbani, natembea na kopi.

Karani_wa_Mahakama
Sheria inasema mwenye miaka 18 na zaidi atembee nayo yenyewe. Kopi ibaki nyumbani.

Mswahili_Glasgow
Huku Glasgow, Uskoti, Mei 13, 2021, mtaa wa Kenmure Street, majirani walilizunguka gari la uhamiaji mchana kutwa mpaka wanaume wawili wakaachiwa. Iliwezekana kwa sababu gari lilijulikana ni la nani. Kama lingekuwa gari tu la watu waliofunika nyuso, nani angejua wa kumzingira au wa kumpigia simu?

Mama_Wawili
Asanteni wote. Nimesoma kila neno.

Msafiri_MN
Karani, la mwisho. Mke wa jirani hajui mumewe yuko wapi. Kapiga simu kila mahali.

Karani_wa_Mahakama
ICE wana ukurasa wa kutafutia waliozuiliwa. Ukiwa na A-namba yake, ile namba ya uhamiaji, na nchi aliyozaliwa, unamtafuta hapo. Kama alikuwa na kadi ya kazi, namba iko juu ya kadi, palipoandikwa USCIS#. Asipoonekana leo, ajaribu tena kesho, wanahamishwa haraka.

Msafiri_MN
Kadi imebaki kwenye droo, anasema. Naenda kwake sasa hivi.