Ushauri: Nataka kufika Preah Khan ya Kompong Svay, hekalu la porini huko Kambodia

Broka wa Arusha

Wakuu, salaam.

Februari nitakuwa Bangkok kwenye maonyesho ya vito, na kazi ikiisha nitabakiwa na siku chache. Wenzangu siku hizo huzimalizia Pratunam kununua nguo za kuja kuuza. Mimi safari hii nataka kwenda Kambodia. Angkor Wat nitapita, ila roho yangu iko Preah Khan ya Kompong Svay, kama kilomita 100 mashariki ya Angkor. Nimesoma kwamba tuta lake la nje lina karibu kilomita 5 kila upande, na hakuna hekalu lingine la Wakhmer, watu wa Kambodia waliojenga Angkor, lenye eneo kubwa hivyo. Leo ni magofu, msitu umeyaingia, na wageni ni wa kuhesabu.

Nikodi pikipiki niendeshe mwenyewe, au gari na dereva? Kuna usalama? Mke wangu alivyosikia Kambodia ina mabomu ya ardhini, akaniambia kama naenda kukatwa mguu, bora nibaki Pratunam. Na je, panastahili, au nitakuta rundo la mawe tu?

Kijana wa Ilala

Mkuu, unajitesa bure. Angkor yenyewe hata wiki huimalizi. Yaliyosimama yapo, wewe unakwenda kutafuta yaliyoanguka!

Mzee wa Magofu

Ilala, tatizo la Angkor ni kwamba alfajiri mnakuwa mamia mmejipanga kando ya bwawa moja, kila mtu kainua simu. Broka anatafuta kitu kingine, mwacheni.

Broka, pale nimefika. Sikudanganyi: sehemu ya katikati imeumia sana. Kwanza alikuja Mfaransa Louis Delaporte mwaka 1873 akaondoka na sanamu, zikaishia Paris. Halafu miaka ya 1990 wezi wakaingia na mashine. Utaona ukuta uliochongwa vizuri, katikati una shimo, sura ya mtu imekatwa. Kichwa cha jiwe kinachoaminika kuwa cha mfalme Jayavarman VII, kile chenye macho yaliyofumbwa, kilipatikana hukohuko na sasa kiko Makumbusho ya Taifa, Phnom Penh. Ukipata nafasi ya kukiona kabla ya kwenda porini, kione.

Kilichobaki sasa. Kuna Prasat Preah Stung, mnara wenye nyuso nne, kila moja inatazama upande wake. Ni nyuso zilezile za hekalu la Bayon kule Angkor, tofauti ni kwamba hapa unaweza kukaa chini yake nusu saa na usimwone mtu zaidi ya mchunga ng'ombe. Kuna baray, yaani bwawa la kuchimbwa la urefu wa karibu kilomita 3, sehemu kubwa imekauka. Na mwisho wake wa mashariki kuna Prasat Preah Damrei, piramidi ndogo iliyokuwa na tembo wa mawe kwenye kona zake, baadhi walihamishwa. Mimi huyo tembo aliyebaki ndiye aliyenifanya nisijutie vumbi la njiani.

Pikipiki sahau. Umbali wa kutoka kitu kimoja hadi kingine ndani ya eneo hilo ni wa gari. Kodi gari na dereva anayeijua njia, na hapa kuna mtego: ndani ya Angkor kwenyewe kuna hekalu lingine linaitwa Preah Khan. Ukimwambia dereva wa Siem Reap, mji wa jirani na Angkor, "Preah Khan" tu, baada ya robo saa atakushusha hapo na kudai hela yake. Mwambie Bakan, ndivyo wenyeji wanavyopaita, na umwonyeshe kwenye ramani kabla hamjapatana bei.

Mwana wa Kihonda

Kuhusu mabomu, mwambie shemeji kwamba kazi ya kuyatafuta huko wapo Watanzania wanaoifanya. Si utani. Panya buku! Shirika la APOPO lina makao yake pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Panya wanafundishwa kunusa baruti, wakifaulu wanapandishwa ndege hadi Kambodia. Panya buku ni mwepesi, akipita juu ya bomu halilipuki. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutafutia chuma anaweza kuchukua hadi siku nne.

Yule panya Magawa aliyepewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020 alizaliwa hapa kwetu. Alistaafu 2021, akafa Januari 2022. Baada yake akaja Ronin, naye kazaliwa Tanzania. Kuanzia Agosti 2021 hadi mwanzoni mwa 2025 alinusa mabomu ya ardhini 109, na silaha nyingine 15 zilizokuwa hazijalipuka, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Alikuwa akifanya kazi mkoa wa Preah Vihear, na hekalu lako liko mkoa huohuo.

Hiyo ni habari njema na onyo kwa pamoja. Wanaume waliopigana kule hawakuacha ramani. Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti wa Pol Pot, walishikilia maeneo ya kaskazini hadi 1998, na tangu 1979 mabomu hayo yameua watu karibu 20,000. Kwenye mahekalu yenyewe, na njia zinazotumiwa kila siku, kumesafishwa. Hatari ni pembeni. Usiache njia iliyokanyagwa, hata kwa haja ndogo, hata ukiona ukuta mzuri umejificha kichakani. Kibao chekundu chenye fuvu ukikiona, rudi ulikotoka kwa nyayo zako zilezile.

Ukiwa Siem Reap, APOPO wana kituo cha wageni, unaweza kuwaona panya wakifanya mazoezi. Wasalimie kwa Kiswahili, wengine watakuelewa.

Kijana wa Ilala

Hahaha, panya anapewa medali, mimi huku nafukuzana nao stoo kila usiku.

Mama Tunu

Broka mwanangu, kabla ya panya na tembo angalia visa yako ya Thailand. Kama ni ya kuingia mara moja, ukitoka kwenda Kambodia imekufa. Tiketi yako ya kurudi nyumbani inaondokea Bangkok, utaifikiaje? Omba ya kuingia mara nyingi tangu ukiwa Tanzania, au chukua kibali cha kurudi kabla hujatoka. Nimeona watu wazima wanalia uwanjani kwa jambo hili.

Ya Kambodia iombe mtandaoni, lakini kwenye tovuti ya serikali yao. Tovuti za kuiga ni nyingi, zinatoza maradufu. Kadi ya njano ya chanjo usiiache.

Njia ya basi usiifikirie. Mipaka ya nchi kavu kati ya nchi hizo mbili ilifungwa 2025 walipogombana, wakapigana Julai na tena Desemba. Panda ndege Bangkok hadi Siem Reap, ni kama saa moja. Na usichanganye hekalu lako na lile linaloitwa Preah Vihear, la juu ya mlima mpakani kabisa. Huko ndiko risasi zilikolia. Lako liko mbali, kusini.

Dola wanapokea popote, ila noti iliyochanika hata kidogo wanakurudishia. Kama unakula halali, Siem Reap kuna msikiti wa Wacham, Waislamu wa huko, na vibanda vya chakula jirani yake. Porini ni wali na samaki, na nguruwe yupo, uliza.

Nesi wa Zamu

Naongeza ya afya. Misitu ya Preah Vihear ina malaria, imepungua sana lakini ipo, na Kambodia ndiko vijidudu sugu kwa dawa za artemisinin vilikogunduliwa mapema. Usijibebee dawa mseto ya malaria ukadhani umemaliza. Muone daktari akuchagulie kinga. Dengue nayo ipo mijini na mbu wake anauma mchana. Ukirudi ukapata homa, hata kama umepita mwezi, mwambie daktari ulikuwa wapi. Viatu vya kufunika kifundo, maana chini ya mawe ya moto nyoka hujificha.

Broka wa Arusha

Asanteni sana, shikamoo Mama Tunu. Visa yangu kweli ni ya mara moja, kesho naanza kuhangaika nayo. Mke wangu nimemsomea habari za panya, amecheka, ruhusa imetoka kwa masharti. Mzee, swali la mwisho: niende na kurudi siku moja au nilale huko?

Mzee wa Magofu

Lala. Siku ya kwanza ondoka Siem Reap alfajiri, pitia hekalu la Beng Mealea, kisha Koh Ker. Koh Ker ulikuwa mji mkuu wa Wakhmer kati ya 928 na 944, una piramidi ya ngazi saba yenye urefu wa mita 36 hivi, na UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2023. Panda juu kwa ngazi ya mbao, msitu wote utauona. Kulala, tafuta nyumba za wageni Srayong, ni za kawaida, usitegemee maji ya moto. Siku ya pili ndiyo ya Bakan. Ukimaliza mapema, mwambie dereva ashuke hadi Kompong Thom ulale hapo, asubuhi uone Sambor Prei Kuk, minara ya matofali ya karne ya 7.

Tiketi ya Angkor haifanyi kazi Koh Ker, pale unalipa kivyake. Beba tochi, maji mengi kuliko unavyodhani, na hela ndogondogo. Na dereva mlipe nusu kwanza, nusu mkirudi.