Mia tano ya KUANGALIA?! Huyu fundi mnamjua nyote

TaboImechoka:
Wasee niko na hasira mpaka simu inatetemeka mkononi, makosa ya kuandika mtanivumilia. Huyo fundi mnamjua. Sitamtaja na hakuna haja, ukiishi Kasarani hata wiki mbili umeshamuona, yule wa kofia ya sufu, KOFIA YA SUFU mwezi wa pili jua likichemsha lami, anazunguka na spana moja kwa mfuko wa shati kama daktari. Leo amenifanyia kitu walahi adui yangu mwenyewe angeona haya.

Gari ni dizeli, 2.2, ya 2014. Tangu Krismasi haina nguvu. Kupanda kutoka Mai Mahiu lori la mchanga lilinipita, na turniboi amekaa huko juu ya mchanga akanipungia mkono. Moshi mweusi nyuma mpaka watu wanawasha taa mchana. Ukikanyaga mafuta inapiga fyuuu kama sufuria ya presha. Nikaangalia video kumi na moja, nikajua basi, intakula, ile ya kupoza hewa tabo inasukumia injini, imepasuka. Huyo bwana nilikuwa nimemuuliza bei akaniambia elfu kumi na tano, ya mkono peke yake, spea nitafute mimi. Elfu kumi na tano ya kutoa bampa! Nikasema zii, najifanyia. Nikashuka Grogan kwa wauza spea nikapata ya mtumba, imetoka Japani, elfu kumi na nane, nikaipakata kwa matatu kama mtoto mchanga na kondakta bado akanilipisha viti viwili.

Leo asubuhi niko hapo pakingi ya ploti, nimetandika gunia, bampa nimetoa peke yangu na klipu tatu tu ndizo zimevunjika. Baba mkwe ametoka Kitui kututembelea, ako kwa balkoni na kikombe cha chai ananiangalia nikifanya kazi. Huyo mzee hajawahi kuniangalia vizuri hivyo tangu nipeleke mbuzi za ntheo, zile za posa ya Kikamba. Hapo ndipo jamaa anatokea. Hajaitwa! Eti anaenda dukani. Anasimama, hasalimii mtu, anaangalia ile kitu nimetoa imelala kwa gunia, halafu, skizeni, ANAIGUSA NA KIDOLE CHA MGUU. Amevaa akala, kidole gumba kiko nje, kucha imepasuka katikati na ndani ina grisi ya tangu enzi za Moi, anaigusa hivi, tk, tk, mara mbili. Anacheka na pua. Anamwangalia baba mkwe kule juu, anatikisa kichwa kama mtu ako matangani. Halafu kwa sauti ya makanga: "Mzee wangu, lete mia tano." Namuuliza ya nini. "Ya kuangalia."

MIA TANO. YA KUANGALIA. Na hakuangalia na macho, aliangalia na kidole cha mguu!!

Sikulipa. Sawa, nililipa. Nililipa kwa sababu baba mkwe aliinama huko juu akasema "mwanangu, mpe huyo bwana haki yake". Haki gani jameni? Haki ya kidole?

MtuWaMwiki:
Hahahaa hiyo kidole naijua mimi. Ilishawahi kugusa giaboksi yangu. Tk tk. Nikajua nimeisha.

BintiWaRoysambu:
"Hakuangalia na macho" nimecheka mpaka mtoto ameamka. Sasa nani atamrudisha kulala, wewe ama fundi?

SpanaKumi:
Pole ndugu. Swali dogo tu. Hiyo kitu ilikuwa kwa gunia ilikuwa nini?

TaboImechoka:
Hiyo sio maana ya huu uzi. Maana ni kidole.

SpanaKumi:
Sawa. Ilikuwa na paipu mbili nono, mkono unaingia, ama paipu mbili nyembamba za aluminiamu?

TaboImechoka:
Nyembamba kiasi.

SpanaKumi:
Na ulipolegeza nati ilifanya psssss?

TaboImechoka:
Hewa kidogo. Ni presha ya tabo ilikuwa imebaki ndani. Kidole changu kilishika baridi kidogo lakini hiyo ni kawaida.

BintiWaRoysambu:
Mungu wangu.

SpanaKumi:
Bro. Presha ya tabo haibaki gari ikiwa imezimwa. Na hewa ya tabo ni MOTO, haigandishi mtu vidole, ndio maana intakula iko, hewa ikibanwa inapata joto, inapitishwa hapo ipoe, ikipoa inashikana, basi injini inapata oksijeni nyingi. Intakula ni paipu mbili nono za mpira na klampu, haina maji, haina gesi, haina kitu ndani, ni hewa tu. Wewe umetoa KONDENSA, ile ya kupoza gesi ya AC. Umemwaga gesi ya AC yote hapo pakingi mbele ya baba mkwe. Kondensa ndio inakaa mbele ya rejeta, ukitoa bampa mara nyingi ndiyo inakusalimia kwanza. Sasa hiyo AC ikirudishwa itabidi ivutwe hewa na mashine ndio ijazwe gesi, na ile draya ya kukausha gesi ibadilishwe maana imekunywa unyevu. Na kidole ukiangalie, hiyo gesi ikitoka inaunguza na baridi kama vile moto unaunguza.

Ngamia_wa_Mlolongo:
Kwa hivyo fundi aliona kondensa ya elfu kadhaa imekufa akaitisha mia tano tu. Huyo ni malaika mwenye akala.

MtuWaMwiki:
Kama alijua si angesema!! Mtu mzima unagusa kitu na mguu, unachukua mia tano unaenda kununua mkate. Mimi niko na mwenye uzi.

TaboImechoka:
ASANTE. Angesema "ndugu hiyo ni kondensa", nani angekasirika? Lakini tk tk? Mbele ya mzee? Na alafu baba mkwe saa hii ako kwa meza anamwambia mama watoto "huyo fundi ni mtu wa busara". BUSARA!

PradoNiPrado:
Hizi gari zenu za bampa ndio shida. Prado ya dizeli, ile ya D4D, intakula iko juu ya injini, ndio maana boneti ina ile pua ya kuvuta hewa. Unafungua boneti, bolti kadhaa, klampu mbili, umemaliza chai haijapoa. Nilibadilisha yangu na suti nikienda kanisani.

Ngamia_wa_Mlolongo:
Sasa Prado imeingilia wapi. Watu wa Prado hata kwa matanga mtasema Prado.

SpanaKumi:
Na kabla hujarudi Grogan tena, ulipima kweli? Kuna wakati ni klampu tu imelegea ama mpira umepasuka chini pahali huoni. Weka maji ya sabuni kwa sprei, mtu akanyage mafuta gari ikiwa imesimama, wewe unaangalia pahali povu linatoka. Sabuni ya shilingi kumi.

TaboImechoka:
Nani aliniambia hiyo? Video zote kumi na moja hakuna ya sabuni. Wacha basi, kesho nitajaribu. Lakini kwanza hebu turudi kwa kidole.

BintiWaRoysambu:
Shemeji yangu kule Rongai alisafisha intakula na petroli akafunga ikiwa bado mbichi. Gari ilipowaka ikaanza kupiga kelele yenyewe, ufunguo ametoa ameshika mkononi na injini bado inapanda, inapanda, watoto wanalia, mbwa amepanda ukuta. Jirani ndio alikimbia na ubao wa mandazi akaziba pahali hewa inaingilia.

SpanaKumi:
Hiyo ni kweli kabisa, dizeli haina plagi za cheche, haijali ni nini, kitu chochote cha kuungua kikiingia na hewa inakula. Hata oili. Mwenye uzi, hiyo yako ya mtumba isimamishe wima usiku mzima oili itiririke. Ikiwa imepakapaka kidogo ndani ni kawaida, ikiwa inamwagika kama chai hapo tabo ya gari ilikotoka ilikuwa imekufa, na angalia kama kuna vipande vya chuma. Ukisafisha iache ikauke kabisa, usiwe na haraka.

KeatekaAmenichosha:
Nyinyi mnaongea oili, mimi keateka wa ploti yetu alinipiga faini ya elfu mbili kwa sababu ya tone MOJA la oili kwa pakingi. Tone. Alileta chaki akalichora duara kama maiti ya sinema. Na yeye mwenyewe anafugia kuku huko juu ya paa.

MtuWaMwiki:
Wetu hataki jeki. Ukishusha jeki kwa buti anakuja mbio kama umeshusha bunduki.

KeatekaAmenichosha:
Wetu anahesabu mara mtu anafungua mfereji! Juzi ananiambia "wewe umefua Jumanne na Alhamisi". Kwani umeniolea nani?

TaboImechoka:
Wasee tusisahau alinigusia kondensa na mguu.

Ngamia_wa_Mlolongo:
Angalau nyinyi mfereji unafunguka. Huku kwetu wiki ya tatu hakuna tone. Nimeosha uso na maji ya kuchemshia mayai.

BintiWaRoysambu:
Huku yalikuja usiku saa tisa, kahawia, na harufu ya sarafu. Nikajaza kila kitu mpaka birika.

PradoNiPrado:
Mimi hubeba mitungi kumi kwa buti ya

Ngamia_wa_Mlolongo:
TUMESIKIA.

MtuWaMwiki:
Kuna jamaa wa boza la maji anapita Mwiki, anauza kwa lita na hasumbui, mnagawana ploti nzima. Yule wa mkokoteni mkimbieni, mtungi unavuja akifika kwako umebaki nusu na bei ni ile ile.

TaboImechoka:
Huyo wa boza anaweza kuingia kwa geti yetu ama ni ile lori kubwa? Nauliza kwa sababu gari yangu iko bila bampa katikati ya pakingi na baba mkwe anataka kuoga. Nitumie namba inboksi.