Mtoto ana tetekuwanga, na mimi nina mimba ya wiki 14

Shikamooni wakubwa. Jana namwogesha mwanangu wa miaka 4, nikakuta vipele vyenye maji kifuani na nyuma ya masikio. Jirani kaona tu, kasema tetekuwanga. Mimi mjamzito, na usiku kucha kanilalia kifuani. Mama yangu ni marehemu, sina wa kumuuliza kama niliwahi kuugua. Nimpeleke mtoto kwa bibi yake mzaa baba?

Mama Pacha: Usimpeleke popote, dada. Tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, kwa hiyo umeshakutana nayo. Nenda kliniki leo, na useme mlangoni kabisa, usije ukakaa benchi moja na wajawazito wenzako. Watakupima damu kuona kama una kinga. Kama huna, kuna tiba, ila siku zinahesabika.

Nesi Mstaafu: Kweli kabisa. Na msichanganye na rubela, ile inayoharibu macho, masikio na moyo wa mtoto tumboni, hasa wiki 12 za mwanzo. Chanjo yake huchomwa pamoja na ya surua, miezi 9 na 18, mjamzito hachomwi. Huyo mdogo asipewe aspirini.

Muulizaji: Asanteni. Shangazi kapiga simu: niliugua nikiwa darasa la pili, nikapakwa losheni mwili mzima kama mzimu. Kumbe hili kovu la kwenye nyusi si la kuanguka! Damu nakwenda kupima hata hivyo, shangazi huyu hutuchanganya na dada yangu.