Kambi ya gemu: kwizi ikupangie, uchague mwenyewe, au tuokote karatasi?

Mwenye Kibanda, Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha gemu hapa Mtwara mjini: tivii nne, padi nane, mbili kati ya hizo vitufe vinakwama. Kila Desemba tunafanya ligi ya mpira. Safari hii vijana wamegoma. Wanataka ligi ya gemu la njozi, lenye falme, majoka na uchawi, na wamebuni kambi nne: Walinzi, Wawindaji, Waganga na Maharamia. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye nani aende wapi.

Mmoja wao kaja na kwizi ya maswali kumi na mawili, kaitoa mtandaoni na kuitafsiri. Unajibu, unahesabiwa alama, unaambiwa tabia yako ni ya kambi fulani. Jumamosi tukaanza. Swali la kwanza: unapenda msimu gani, wa theluji, wa maua, wa joto au wa majani kupukutika? Mtoto wa kwanza kauliza msimu wa korosho uko wapi. Swali la tano: umemwona rafiki yako anaiba mkate sokoni, utamsema, utamlipia, utamkinga watu wasimwone, au utapita zako? Kijana wa kidato cha pili kaishika simu, kafikiri, kisha kanigeukia: "Kaka, lipi hapo la Maharamia?"

Tungecheka yakaishia hapo. Lakini mtoto mwingine, mpole kabisa, kwizi ikamtupa Maharamia. Jumapili asubuhi mama yake kasimama mlangoni, kanga mabegani, anataka kujua ni mtihani gani huo unaosema mwanawe ni haramia. Nilikosa jibu.

Sasa nauliza: tuendelee na kwizi, kila mtu achague, au tuokote karatasi?

Kijana wa Ligula

Mkuu, usiiue kwizi kwa sababu ya mama mmoja, heshima zake zote. Ukisema kila mtu achague, nusu ya watoto watakwenda Maharamia na Waganga watabaki wawili. Na jambo hili si la kuokoteza. Gemu la njozi la Ultima IV, la mwaka 1985, linaanza na mwanamke mpiga ramli anayekutandikia karata. Maswali saba, na kila moja linagonganisha fadhila mbili, mfano ukweli na huruma. Ile inayobaki mwisho ndiyo inakupa aina ya mhusika wako. Pale kila jibu ni zuri, kwa hiyo inabidi ujiulize kweli. Morrowind, gemu jingine la njozi la 2002, nalo lina maswali kumi, ila ukimaliza unaruhusiwa kukataa ulichopewa na kuchagua mwenyewe.

Kwa hiyo ubovu uko kwenye maswali yenu. Theluji Mtwara?

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Vijana, niruhusuni. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia. Baadaye kila mmoja akapewa maelezo "yake" na kutakiwa aseme yanamfaa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na maneno yake Forer aliyachota kwenye kitabu cha unajimu. Mambo kama kwamba una uwezo mwingi ambao hujautumia. Nani atakataa hilo?

La pili linanigusa zaidi, maana nimepanga watoto kwenye mabweni na timu miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyoyafanya na wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza. Waliambiwa wamegawanywa kufuatana na mchoraji wanayempenda, Klee au Kandinsky. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao, hata wasiowajua. Na wakati mwingine walikubali kundi lao lipate kidogo zaidi, mradi tu pengo baina yao na wale wengine liwe kubwa.

Basi okoteni karatasi kwenye kofia. Wiki haiishi, watakuwa wanaapa kwa jina la kambi.

Kijana wa Ligula

Shikamoo mwalimu. Kama kofia inafanya kazi ileile, mbona kwizi iwe dhambi? Angalau inachekesha.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Marahaba. Kofia haimwambii mtoto kwamba ndivyo alivyo.

Mnyama Kusini

Mimi Simba kwa sababu baba ni Simba. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, na mpaka leo sijasikia mtu kajazishwa fomu ya tabia. Mtoto anazaliwa, anafungwa skafu, basi.

Mwananchi Newala

Ndiyo maana unateseka. Ungefanya kwizi ungeokoka.

Mzee wa Shangani

Mnaongea kama kambi za kujibunia zimekuja na simu. Ulizeni habari za beni. Katika miji ya pwani ngoma hiyo iligawa watu Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na bendi yake, sare zake na vyeo vyake: wafalme, majenerali, makapteni. Karani wa mchana akawa jenerali wa jioni, akikanyaga mguu kwa mguu kama askari. Marini walijiona ndio wastaarabu, wenye kusoma na watu wa mji. Arinoti wakahesabiwa watu wa chini na wa kuja. Watu walitumia fedha nyingi kushindana, hata za kukopa.

Na uliingiaje? Kwa kazi yako, kwa unakotoka, kwa rafiki zako. Hilo halikuwa na haki kuliko kwizi, ni kweli. Lakini nasema utamu wa kile kitu ulikuwa kwenye cheo. Mtu anataka awe kapteni. Mkishamwambia kapteni wa wapi, mengine atajaza mwenyewe.

Dada wa Mikindani

Nimesoma yote, na naona mmejadili kama kwizi inasema kweli au inadanganya. Mimi ilisema kweli, na hapo ndipo iliponiharibia.

Mwaka jana, kwenye ligi ya kibanda kingine, niliulizwa: marafiki wakigombana unafanyaje? Nikajibu ninawapatanisha. Unahofia nini zaidi? Nikajibu mtu wangu kuumia. Nikapangwa kwa waganga. Mimi ni kifungua mimba, nyuma yangu wapo wanne; ugomvi wa sahani, wa sabuni, wa nani kamaliza bando, wote unaletwa kwangu. Nitajibu nini tena? Basi ligi nzima nikawa nyuma ya wavulana, nawajaza uhai, wakifa lawama zangu. Siku moja nikaomba niongoze mashambulizi, kaka mmoja kanijibu, "Kwizi yenyewe imesema wewe mganga."

Saa mbili nilizolipia zilikuwa za kuacha kupatanisha watu. Nilitaka niwe na upanga, nimchome joka, nirudi nyumbani kuosha vyombo. Kwizi iliniuliza mimi ni nani nyumbani, ikanipeleka kulekule nilikotoroka.

Na nimetazama waliopangwa nami. Wasichana tulikuwa watatu, wote waganga. Sidhani kama kuna aliyekusudia. Ila maswali yanauliza malezi, na malezi yetu mnayajua.

Huyo wa "lipi la Maharamia" mimi namwelewa kuliko wote hapa. Alijua anachotaka, kwizi ikawa inamchelewesha tu.

Fundi Simu, Soko Kuu

Dada kamaliza. Niongeze la upande wangu. Hiyo kwizi mmeifungua kwenye simu ya nani? Kuna nyingine, kabla ya swali la kwanza zinataka jina, tarehe ya kuzaliwa, na ruhusa ya kuona majina yote uliyohifadhi. Mnakumbuka sakata la Facebook la 2018: watu kama 270,000 walijibu jaribio la tabia, na kupitia urafiki wao wa mtandaoni zikachotwa taarifa za watu wanaofikia milioni 87, zikaishia kwa kampuni ya siasa, Cambridge Analytica. Marafiki hao hawakujibu swali hata moja. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mkitaka kwizi, iandikeni kwenye karatasi.

Kijana wa Ligula

Dada wa Mikindani, la waganga watatu sikuwahi kuliwaza. Bado napenda kwizi, ila ibaki ya kumsaidia asiyejua aanzie wapi, kama Morrowind: inakupendekezea, ukikataa imekwisha. Mchezaji mzoefu asiulizwe kitu.

Mwenye Kibanda, Chikongola

Wakuu, nimekaa na vijana jana usiku. Kwizi itakuwa ya karatasi, maswali saba, theluji imeondoka, msimu wa korosho umeingia. Ni kwa anayetaka tu. Kila mtu atachagua kambi, na ikijaa wanaogombea watapiga kofia, kama alivyosema mwalimu. Unaweza kuhama mara moja, kabla ya mechi ya pili. Mwalimu, najua kofia itawaudhi wengine, tutavumiliana.

Maharamia nilitaka tubadili iwe Mabaharia kwa ajili ya yule mama. Vijana wamekataa kabisa. Na mwanawe, niliyedhani nitamhamisha kimyakimya, ndiye aliyekataa kwa sauti kuliko wote. Kaniambia, "Nimeshamzoesha mama." Sijui kamzoeshaje.

Dada wa Mikindani, nafasi ipo, njoo Jumamosi saa nane mchana, upande wowote unaotaka. Padi ya tatu usiishike. Kitufe cha kushambulia ndicho kinachokwama.